Drili ya Ndolo na Betri ya Volti Ishirini

Nzuki wa Kola ni mtu wa kuongea na vitu. Akipewa drili iliyokufa anaiuliza, "Wewe nawe umekula nini?" ndipo aifungue. Mimi kazi yangu ni kunoa misumeno na visu, natembea soko hadi soko, na nikifika Kola huwa nakaa kwenye benchi la kibanda chake kwa sababu kuna kivuli. Mengi ya haya niliyaona. Mengine aliniambia mwenyewe.

Zamani alikuwa fundi wa redio. Redio zilipopungua, watu wa mjengo wakaanza kumletea hizi mashine za betri, drili na grainda. Shida yao ni moja: mashine haifi, betri ndiyo hufa, na ya kufanana nayo haipatikani tena dukani. Basi Nzuki akawa anazifungisha ndoa. Anatoa betri kwa hii, anaiunganisha na ile kwa waya na risasi ya kulehemu, anaifunga kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Vijana wakamwita Pasta.

"Pasta, hawa wawili watakaa pamoja?"

"Wakiwa na volti sawa watazeeka pamoja. Zikiachana sana, sifungishi."

Ndivyo alivyosema, na kwa miaka ndivyo alivyofanya. Mpaka Ndolo.

Ndolo alikuwa binamu yake, fundi wa dari, mtu wa kucheka kwa sauti. Alikuja asubuhi moja ya Januari na drili yake ya volti kumi na mbili. Betri ilikuwa imechoka, na siku hiyo alitakiwa kwenye nyumba ya mtu kule Machakos mjini.

"Iko na nguvu ya kuku mgonjwa," alisema. "Si hiyo ya grainda iko hapo?"

Kwenye rafu kulikuwa na betri ya volti ishirini, ya grainda iliyoungua mota. Nzuki akatikisa kichwa.

"Hiyo ni kubwa kwake."

"Aiee, Pasta! Sema tu imekushinda, nipeleke kwa yule kijana wa stendi."

Nilikuwepo, nikinoa msumeno. Tulicheka sote. Nzuki naye akacheka, halafu akachukua chuma cha kulehemu. Baada ya nusu saa drili ililia kama pikipiki mpya. Ndolo akaachilia kidole, na mimi nikarudi kwenye msumeno wangu. Lakini Nzuki alisikia kitu. Kidole kilitoka, na drili ilichelewa kusimama. Muda wa kupepesa jicho, si zaidi. Alifungua mdomo, akaufunga. Ndolo alikuwa ameshapanda boda.

Siku ya tatu, Ndolo alikuwa juu ya ngazi, anafunga skrubu kwenye dari. Mwenzake aliyekuwa chini anasema alimwona akiachilia mkono, na mashine haikuachilia. Ilishika ubao ikamzungusha kifundo cha mkono, akaanguka kwa kisogo kwenye sakafu ya saruji, akafa hapo hapo. Na drili ilikuwa hapo kando yake, inazunguka. Hakuna mkono juu yake. Ilizunguka mpaka betri ikaisha, na mafundi wote walikuwa wamekimbilia nje.

Habari iliyofika Kola ilikuwa hiyo: mashine ya Ndolo imejiendesha yenyewe.

Sasa, kwetu jambo kama hilo halikai bila mwenyewe. Lazima kuna mtu aliyeroga. Na mtu hakuwa mbali. Kamene, mke mdogo wa marehemu baba yake Ndolo, mama wa miaka sabini, anakaa boma linalofuata. Ndolo alikuwa amemwahidi kumtengenezea mlango tangu mavuno, na wiki moja kabla ya kifo Kamene alisimama njiani akapiga kelele, "Mikono yako inajua milango ya watu wa nje tu! Utaona!" Watu walikumbuka hilo neno, utaona. Halikuhitaji mengine.

Mazishini alisimama peke yake kando ya ua wa mkonge. Kisha wanawake wakaacha kuchota maji naye. Mbuzi wake akakutwa amekatwa mguu. Kufika mwezi wa tano wazee wa ukoo walikuwa wameshasema: kabla mvua haijaisha, Kamene ahame shamba lile, arudi alikozaliwa, kama kuna mtu amebaki huko wa kumpokea.

Nilipopita Kola mwezi huo sikumjua Nzuki. Alikuwa amekonda. Kibandani hakukuwa na mashine hata moja, alikuwa amezirudisha zote. Tuliketi, mchana mweupe, akainua kidole.

"Unaisikia?"

"Posho mill hiyo, wanasaga mahindi."

"Hapana. Nyuma ya posho mill. Ile drili haijasimama, mzee."

Aliniambia anaisikia kanisani katikati ya wimbo. Anaisikia kwenye pikipiki za watu zikipanda mlima. Akilala mchana inakuja mpaka kwenye mto. Ndipo akanieleza kuhusu ile kuchelewa kidogo. Nilimuuliza kama amemwambia mtu mwingine.

"Nikisema, mimi ndiye nimemuua. Nisiposema, ni Kamene."

Nilimaliza chai yangu.

Kikao cha ukoo kilikuwa Jumamosi, nyumbani kwa Ndolo. Nilikaa nyuma na wageni. Kamene hakuitwa. Mzee Mutiso, anayeongoza ukoo, alikuwa ameanza kusema habari ya mipaka ya shamba Nzuki aliposimama.

"Ile drili iko wapi?"

Watu waliguna. Kavindu, mjane wa Ndolo, alisema iko ndani ya gunia, kwenye kibanda cha kuku. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Nzuki akaenda akaileta mwenyewe. Akatoa mfukoni betri nyingine ya volti ishirini, akaiweka drili chini kwenye vumbi, akaunganisha ile betri na kurudi nyuma hatua mbili.

Ikazunguka. Peke yake, ikijiburuta kwenye udongo, ikilia. Wanawake walipiga mayowe, na mzee mmoja akaanguka na kiti chake.

"Mmeona!" alisema Mutiso. "Mmeona kwa macho!"

Nzuki akaikanyaga, akang'oa betri. Akatoa bisibisi, akaipasua ile mashine mbele yetu, akainua kitu kidogo cheusi.

"Hii ndiyo swichi. Imetengenezewa volti kumi na mbili. Ukiipitishia ishirini, moto unaruka humu kila ukibonyeza. Mwishowe hivi vyuma viwili vinayeyuka na kushikana. Tazameni. Mtu anaachilia kidole, na mashine haijui ameachilia."

"Na nani aliweka ishirini?"

"Ni mimi."

Mutiso akakuna kidevu.

"Na nani alikusukuma mkono, Nzuki? Fikiria vizuri. Hukukutana na huyo mama siku hiyo?"

"Hakuna aliyenisukuma, mzee. Niliogopa kuambiwa imenishinda."

Kavindu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alimuuliza Nzuki polepole, "Baba Tracy, ulijua?"

"Nilisikia ikichelewa kusimama. Nikanyamaza."

"Ulikula kwangu siku ya mazishi."

"Nilikula."

Aliingia ndani, akafunga mlango. Wazee walibishana mpaka saa kumi. Wengine walisema jambo limekwisha. Wengine, na ni wengi, walisema mchawi mzuri huwa anatumia mkono wa mtu mwingine. Lakini Mutiso alizungusha ile swichi kwenye vidole vyake muda mrefu, kisha akasema Kamene abaki shambani kwake, na atakayemgusa atamjibu yeye.

Nzuki alisema atampelekea habari mwenyewe. Nilimfuata.

Kamene alikuwa uani anapepeta ndengu. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa.

"Miezi minne," alisema. "Siku ya mazishi ulibeba jeneza ukapita karibu na mimi. Uliniona?"

"Nilikuona, mwaitu, mama yangu."

"Nilikuwa na nani?"

"Ulikuwa peke yako."

"Haya."

Akachota ndengu nyingine, akaendelea kupepeta. Hakumwambia akae, hakumwambia aondoke. Niliwaacha hivyo, yeye na ungo wake, na Nzuki amesimama juani na mikono imening'inia.