Chupa ya wanga iliyomfungulia Mama Mstari dirisha

Saa kumi na moja alfajiri, wakati watu wengi mtaani ndiyo kwanza wanapata kausingizi ka maana baada ya kugaragara usiku kucha kwa joto, Mama Mstari yuko kazini. Amesimama kwenye meza yake, taulo lililoloweshwa limemzunguka shingoni, na anapitisha pasi ya mvuke juu ya koti zito la sufu. Mvuke unafoka, koti linanyooka, naye anaguna kwa kuridhika.

"Koti ni la alfajiri," anasema bila kuinua macho. "Ukilipiga pasi koti la sufu saa saba mchana, wewe na koti mnaiva pamoja."

Ni mpiga pasi katika duka la dobi, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili. Jina la Mama Mstari alipewa na wateja kwa sababu ya ule mstari wa mbele ya suruali. Wa kwake unashuka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo bila kuyumba hata kidogo. Wapo wanaovuka madobi wengine watatu njiani ili suruali zao zimfikie yeye.

Kwa siku hupiga pasi nguo mia moja na ishirini, na msimu wa joto zinaongezeka. Watu wanatokwa jasho na kubadilisha shati mara mbili kwa siku, na hayo mashati yote yanaishia mezani kwake.

"Wao wanalikimbia joto, mimi wananiletea limekunjwa kwenye mfuko," anasema, kisha anajiziba mdomo na kumtazama mwenzake aliye mlangoni.

Mwenzake huyo ni mfuaji wa duka, mwanamume mrefu anayeitwa Povu kwa sababu hajawahi kuonekana akiwa hana povu mahali fulani mwilini. Tayari ameshanyoosha kidole.

"Umelitaja, Mama! Nenda kwenye maji."

Hiyo ndiyo sheria ya duka. Msimu huu ukianza, neno "joto" ni mwiko kutamkwa ndani ya kuta hizi. Atakayelitaja huchukua jagi la plastiki, huenda kwenye bomba la nje, hulijaza na kuwamiminia wenzake maji ya kunywa. Badala yake wanasema "mgeni". Mgeni amewahi leo. Mgeni amekaa vibaya. Jana mgeni aligoma kabisa kuondoka.

Mama Mstari anaweka pasi chini, anachukua jagi na kutoka huku akibisha kwamba alikuwa akihojiwa na mahojiano hayahesabiki. Povu anasema yanahesabika.

Akirudi anaeleza ratiba yake. Alfajiri ni makoti na suti. Saa mbili hadi saa nne ni suruali. Kuanzia hapo hadi saa sita ni mashati, na baada ya hapo vitu vyepesi tu, vitambaa vya meza na mitandio. Saa nane mchana pasi huzimwa kwa saa nzima, yeye hukaa sakafuni na kushona vifungo vilivyolegea.

"Sakafu ni rafiki wa kweli," anasema. "Nyumbani tunaigombania. Mume wangu kajimilikisha ile sehemu ya karibu na mlango, anadai mgongo unamuuma. Mgongo gani huo unaouma msimu mmoja tu kwa mwaka?"

Mbinu nyingine amezijaribu na kuziacha. Mwaka mmoja alipiga pasi miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji, na akaona kapata suluhisho la maisha. Povu alipoingia na kuona beseni, pasi ya umeme na mama wa watu katikati, alipiga ukelele uliowatoa wateja nje. Mwaka uliofuata alijaribu kuweka chupa ya barafu chini ya kilemba. Ikayeyuka katikati ya mazungumzo na mteja, maji yakamshuka usoni, na mteja akaanza kumpa pole kwa msiba.

Yote hayo anayasimulia kwa vicheko. Lakini mwaka jana kicheko kilikoma.

Chumba cha pasi hakikuwa na dirisha. Zamani lilikuwepo, upande wa barabarani. Siku moja upepo uliingiza vumbi jekundu na kulitua juu ya gauni jeupe la bibi harusi, saa chache kabla ya harusi. Baba wa mwenye duka wa sasa, ambaye ndiye aliyeianzisha biashara, aliona aibu iliyomfanya alie mbele ya wafanyakazi. Jioni hiyo hiyo aliliziba dirisha kwa matofali, kwa mikono yake. Miaka kumi na tisa ikapita. Mzee alifariki, mwanawe akashika duka, na ukuta ukabaki vilevile.

Mwaka jana, saa nane kasoro robo mchana, Mama Mstari alianza kuona nyota. Alidhani ni mvuke. Alichokumbuka baadaye ni Povu akimpepea kwa kifuniko cha ndoo, na yeye mwenyewe amelala juu ya rundo la suruali ambazo bado hazijapigwa pasi.

"Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama pasi imeunguza nguo," anakumbuka Povu. "Nikamwambia, Mama, ulivyoanguka uliiweka kwenye kiti chake kwanza. Huyu mwanamke!"

Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, hakucheka. Alikuja dukani na kipimajoto, akakitundika ukutani karibu na meza ya pasi. Kikasoma nyuzi arobaini na nne. Jioni alimkalisha mama yake kwenye kiti na kumwapisha.

"Aliniambia, 'Mama, ukianguka mara ya pili, basi. Hutarudi tena pale.' Nikaapa. Ningefanyaje? Mtoto analia mbele yako."

Hapa Mama Mstari anaacha kupiga pasi. Anasema waziwazi kwamba kazi hii anaipenda, na hajui angekuwa nani bila hiyo. Aliingia hapa akiwa mjane mwenye watoto wawili, kabla hajaolewa tena, akiwa hajui kushika pasi. Kila shati linamjia likiwa limekunjamana na linaondoka likiwa sawa. Anasema mambo machache sana duniani yanakubali kunyooshwa hivyo.

Kwa hiyo msimu wa mwaka huu ulipokaribia, roho haikutulia. Alimfuata mwenye duka, ambaye wote humwita Bosi, akamwomba dirisha lizibuliwe. Alikuwa na jibu la vumbi pia. Atatundika shuka la zamani kwenye tundu na kulilowesha maji kila saa. Vumbi litanasa kwenye shuka, upepo utapita ukiwa umepoa. Ilikuwa mara ya tatu katika miaka mitatu kuomba hivyo.

Jibu lilikuwa lilelile. Bosi alishika kidevu, akautazama ukuta na kusema, "Yale matofali aliyapanga marehemu mzee. Mimi ni nani niyabomoe?"

Msimu ukaingia. Ndani ya wiki tatu Mama Mstari aliona nyota mara mbili. Mara zote mbili alishika meza, akauma meno, akamaliza nguo iliyokuwa mbele yake. Hakumwambia binti yake. Hata Povu hakumwambia.

Kisha ikafika Jumanne ya chupa.

Mezani kwake huwa na chupa mbili za kupulizia. Moja ina maji, ya kulainisha mikunjo na, kwa siri, ya kujipulizia usoni. Nyingine ina wanga wa kukazia kola. Ya maji hukaa kushoto na ya wanga kulia. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi hata kuzitazama, mkono wenyewe ulijua.

Saa saba mchana siku hiyo alikuwa anamalizia koti jeusi la mteja aliyechelewa kulileta. Mkono ukaenda. Akajipulizia paji la uso, mashavu, pua na shingo, kwa ukarimu wote.

"Nikasema alhamdulillahi, leo maji yamepoa! Nikainama kwenye mvuke nikaendelea na kazi. Dakika mbili, nikaona kama kuna mtu ananivuta masikio kwa nyuma."

Ulikuwa wanga, na mbele ya mvuke ule ulikauka haraka kuliko kwenye kola yoyote. Alipotaka kukunja uso, uso ukakataa. Alipogusa shavu, kipande cheupe kikabanduka na kuangukia koti jeusi. Hapo akaelewa jambo moja kubwa: akicheka, akiongea, hata akishangaa, koti zima litajaa unga mweupe na itabidi lifuliwe upya.

Ndipo Bosi alipoingia. Alileta sare arobaini za hoteli moja, zinatakiwa jioni ileile. Kwa kawaida Mama Mstari hutabasamu na kusema, "Hamna shida, Bosi." Safari hii alimtazama tu. Uso mkavu, mweupe kidogo, haukutikisika hata nyusi.

"Mama Mstari, kuna tatizo?"

"Mm," alijibu, kwa pua.

Bosi alimtazama. Akautazama ukuta. Akamtazama tena. Kisha akazikumbatia sare zake arobaini na kutoka nazo.

Povu, aliyekuwa nyuma ya pazia, anasema alilazimika kuingiza kichwa kwenye pipa la nguo ili asisikike akicheka. Mama Mstari aliosha uso na kubaki na hofu. Aliamini amemkasirisha mwajiri wake na kwamba kesho ataitwa ofisini.

Kesho yake hakuitwa popote. Alipofika alfajiri alimkuta fundi mwashi na nyundo, na Bosi mwenyewe amesimama pembeni, anayapokea matofali moja baada ya jingine na kuyapanga vizuri uani.

Leo tundu lile lina fremu ya mbao na shuka jeupe lenye kiraka, linalodondosha maji kwenye ndoo. Kila upepo ukipita shuka linavimba kidogo, na baridi inamfikia Mama Mstari usawa wa shingo. Kipimajoto cha binti yake, saa nane mchana, sasa kinasoma nyuzi thelathini na tano. Wiki ya nne hii hajaona nyota hata moja.

"Nimeshusha pumzi, jamani," anasema. "Jioni narudi nyumbani nina nguvu za kumfukuza mume wangu pale mlangoni."

Kuhusu wanga, yeye na Povu wameapishana kunyamaza. Bosi anadhani alinuniwa, na wamemwacha adhani hivyo. Alipoulizwa kama haogopi kisa hiki kikichapishwa gazetini, aliinua mabega. "Andika tu. Matofali yameshatoka, atayarudisha?"

Sauti inatokea mlangoni. "Atayarudisha nani?"

Ni Bosi. Ameshika jagi la maji, limejaa pomoni. Inaonekana alikuwa anaongea na mteja kwenye simu, neno likamponyoka, na sheria ya duka haimwachi hata mwenye duka. Povu anaukodolea macho ukuta. Mama Mstari anashika pasi ambayo imezimwa.

Bosi anamiminia kila mtu kikombe kwanza. Kisha anaketi juu ya kikapu cha nguo.

"Mama, mimi nimezaliwa kwa dobi," anasema. "Nimelala kwenye vikapu hivi nikiwa mtoto mchanga. Unadhani siujui wanga nikiuona?"

Linasikika shuka tu, linavyodondosha maji kwenye ndoo.

"Nilijua tangu nasimama pale. Nilitaka kucheka, wallahi. Halafu nikawaza, huyu ameshika chupa hizi miaka ishirini na miwili, hajakosea hata siku moja. Mtu kama huyu akikosea chupa, maana yake ameshafika mwisho. Ilibaki kidogo tu uanguke mbele yangu, na bado ulikuwa unalilinda koti la watu." Anakunywa maji. "Mzee alijenga ule ukuta kwa sababu ya gauni. Nikajiuliza, angekuwepo na kukuona siku ile, angeuacha? Usiku ule sikulala. Alfajiri nikamwita fundi."

Mama Mstari anageuka dirishani, ncha ya taulo ikiwa machoni. Akigeuka tena anacheka, anacheka hadi anashika meza, na Povu naye anapata ruhusa ya kukitoa kicheko alichokifungia wiki nne.

Mipango yake sasa? Anataka kutimiza miaka thelathini kwenye meza hii, akiwa amesimama kwa miguu yake. Binti yake amekubali, mradi kipimajoto kisiondolewe. Kuna jambo moja tu limebaki. Upepo unaingia vizuri, anaeleza, lakini hauna pa kutokea, unafika kwenye ukuta wa pili na kusimama hapo kama mteja aliyesahau alichofuata. Tundu jingine, dogo tu, upande wa uani, na mgeni hatakuwa na pa kukaa kabisa.

"Mwakani," anasema Bosi akiinuka. "Tutaliangalia mwakani."

Mama Mstari ananyoosha mkono wa kulia, anaichukua chupa ya wanga, anaielekeza usoni kwake na kufumba macho.

"Wiki ijayo!" anasema Bosi. "Nimesema wiki ijayo, Mama. Weka chini hiyo chupa."