Mgongo wa Hoki, Goti la Soka

Kaka yangu ana vidole vifupi na vinene, na kwa sababu hiyo wachezaji wanamwita Vidole. Ni mchuaji misuli wa klabu. Chumba chake kiko chini ya jukwaa, hakina dirisha. Kina meza ndefu ya kulalia, ndoo mbili za barafu, na kalenda ya miaka minne iliyopita ambayo hataki kuitoa kwa sababu inaziba ufa. Klabu ina timu mbili za wanawake, ya hoki na ya soka, na zote zinalala juu ya meza hiyo hiyo. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Nawashonea namba za jezi, kwa hiyo chumbani humo huwa siingii kwa hodi.

Ubishi wa humo ndani haukuwa na mwisho: mchezo upi unachosha zaidi? Wa soka walisema uwanja wao ni mkubwa, dakika ni tisini, na ukishatolewa umetoka. Wa hoki walisema wao wanakimbia wameinama, mbio za kumfukuza mwizi, na kwamba wanaruhusiwa kutoka na kurudi kwa sababu bila hivyo wangezimia. Mwamuzi alikuwa kaka. Hoki inakula mgongo, alisema, soka linakula goti, na goti likiuma unaweza kuchechemea lakini mgongo ukigoma hata kitandani hutoki. Kwa hiyo hoki ni mbaya zaidi. Aliyasema hayo miaka ishirini na mitatu na hakuna aliyemshinda, maana kila aliyembishia alikuwa amelala kifudifudi, mguu wake uko mikononi mwa kaka.

Na tukiacha utani, alikuwa anajua. Ungemfunga kitambaa machoni, akapitisha mikono kiunoni na mapajani, angekuambia huyu ni wa mchezo gani na jana alicheza dakika ngapi. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi na hakukosea.

Binti yangu alicheza hoki tangu shule, kiungo, mwepesi wa kuiba mpira. Darasani alama zake zilikuwa za kuombea dua, lakini alitaka kuwa mwalimu wa michezo, na hakuwa na jingine alilotaka. Chuo cha walimu wa michezo kinachukua wasichana wachache kila mwaka. Kinatuma watu kuwatazama kwenye mechi, iwe ya hoki au ya soka, na hakimchukui aliyevuka miaka ishirini. Yeye alikuwa na kumi na tisa na nusu. Watu wa chuo walikuwa waje baada ya miezi mitatu.

Ndipo asubuhi moja nikamkuta amekaa kitandani, ameshika soksi, anaitazama tu. Hakuweza kuinama kuivaa. Nikamvalisha mimi, na wote wawili tukajifanya tunataniana.

Kaka alimlaza mezani akamshika kiuno kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kocha wa hoki alikuwepo, mama mpole anayeongea polepole, akasema apumzike wiki sita, aimarishe misuli ya tumbo, kisha arudi.

"Wiki sita zitamtuliza, hazitamponya," kaka akasema. "Mhamishe. Kwenye soka atakimbia wima, kama Mungu alivyomuumba. Na mbio anazo."

Kocha akasema kuhama si kubadili jezi tu. Binti akaniangalia mimi. Ningeweza kusema ngoja, tufikirie. Lakini mimi najua vitambaa na nyuzi, na kaka hajawahi kukosea mgongo wa mtu. Nikamwambia mjomba wako ndiye anayejua.

Mwezi wa kwanza nilimwona kaka kama mtabiri. Mgongo ulitulia. Binti alivaa soksi zake mwenyewe huku anaimba, na uwanjani alikuwa moto wa kuotea mbali, mabeki walibaki wanamtazama visigino. Shida ilikuwa pumzi. Kwenye hoki alizoea kukimbia kwa nguvu zote dakika chache, kutoka, kunywa maji, kurudi akiwa mpya. Kwenye soka, dakika ya sitini ilimkuta anatembea, macho yako kwenye benchi, na hakuna wa kumwita. Basi kaka akawa anamwamsha kila alfajiri, anamzungusha barabara ya nyuma ya uwanja, yeye mwenyewe nyuma kwa baiskeli, kitambi mbele. Kufikia mwezi wa tatu alimaliza tisini akiwa bado anacheka.

Siku ya siku, nilimshonea namba saba kwa mishono miwili ili isije ikabanduka. Watu wa chuo walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wamekaa safu moja mbele yangu. Kipindi cha pili yule mwanamke aliniuliza yule namba saba ni nani, nikamwambia ni mwanangu, akaandika kwenye daftari lake.

Kama dakika kumi na tano kabla ya kumalizika, mpira ukampita ukaenda nyuma yake. Akafanya alichokifanya maisha yake yote: akashuka chini, akautanua mguu wa kushoto, akageuka juu yake. Kwenye zulia la nyasi bandia la hoki, na vile viatu vyao vya vinundu vidogo, mguu ungeteleza kidogo na mambo yangeisha. Njumu za soka zina meno marefu. Mguu ulibaki umeng'ang'ania nyasi, goti likaenda na mwili. Hakukuwa na mtu karibu naye, wala hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, kama aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Kaka aliingia mbio na ndoo yake. Alimshika chini ya goti, akavuta kidogo, na kutoka kule juu niliona mabega yake yakishuka. Baadaye aliniambia mfupa ulimfuata mkononi kama droo ya kabati. Lakini pale aliendelea kuchua, akachua weee, akijua hakuna cha kuchua. Mwanamke wa chuo alinishika mkono akasema pole sana, na daftari lilikuwa limeshafungwa.

Hospitali walisema kano la ndani ya goti limekatika lote. Upasuaji una foleni, na baada ya hapo ni karibu mwaka kabla ya kukimbia. Sikuhitaji mtu wa kunijumlishia miaka.

Nilikuwa na hasira za kuvunja sahani. Nilitaka kaka ajitetee, aseme ni bahati mbaya, ili nimpasulie yangu yote. Alikuja, akakaa kwenye kigoda mbele ya cherehani yangu, akaitazama mikono yake.

"Nimeshika migongo ya hoki na magoti ya soka miaka yote hii," akasema. "Sijawahi kumshika aliyehama. Nimemhamisha mtoto, miguu yake ikabaki kule."

Nilikumbuka zile wiki sita za kocha. Zingekwisha watu wa chuo bado hawajafika, na mimi ndiye niliyeulizwa kwa macho nikamrushia mwingine. Maneno niliyokuwa nimemwandalia kaka yakanirudia mwenyewe. Nikashona pindo lisilohitaji kushonwa.

Sasa anakuja kila jioni akitoka kazini. Goti bovu haruhusiwi kuligusa mpaka lipasuliwe. Kwa hiyo anakaa ukingoni mwa kitanda, anaupakata mguu mzima, ule wa kulia, anaanzia kwenye kisigino anapanda taratibu, kwa ufundi wake wote, kama vile kuna mechi kesho. Binti anamwachia. Jana ndiyo mara ya kwanza kusema kitu.

"Mjomba, huo hauumi."

"Najua, mama," akasema, na hakuacha.

Nilisimama mlangoni nikitaka kumwambia aende nyumbani akapumzike. Nikaenda nikamsogezea mafuta.