Kupita na Mkwe Juu ya Majabali

Mume wangu alisafiri kutoka Ushirombo hadi ziwani akiwa nyuma ya pikapu, amekalia tairi la akiba, huku mimi nikiendesha na mama yangu akiwa kiti cha mbele. Nafasi mbele ilikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa. Kwetu mwanamume hakai pamoja na mama wa mkewe, hamtazami usoni, hamshiki mkono, na neno lolote alilo nalo analipitishia kwa mtu wa katikati. Mtu huyo ni mimi, tangu nilipoolewa, na kazi yenyewe haina mshahara wala likizo.

Tuliposimama Buseresere kununua mahindi ya kuchoma, mume wangu alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi, hata nyusi hazionekani. Wauza mahindi walicheka.

"Huyu ana kosa gani mpaka mmempakia kama gunia?" mmoja wao akaniuliza.

Nikamwambia mkwe wake yuko mbele.

"Aa, kumbe mtu wa heshima," akasema, akamchagulia hindi kubwa kuliko yote.

Safari ilikuwa ya mama. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzinza wa huko ziwani, akaolewa mbali, huku kwetu Bukombe, kwenye mihogo na mahindi, na hakurudi tena kwao. Alimsimulia mama kwamba alikozaliwa kuna maji yasiyo na ng'ambo. Mama, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya lambo la ng'ombe, alikua akiamini mama yake anatia chumvi. Bibi alipofariki, jambo hilo likaanza kumkera. "Kabla sijafa niende nikayaone hayo maji," alikuwa akisema, "nijue kama mama alinidanganya." Basi siku mteja wangu mmoja pale saluni kwangu, mtaa wa Nyasubi mjini Kahama, aliponiambia kwamba upande wa Chato kuna njia ya kutembea juu ya majabali ya ziwa, njia ya watu wote, nilifurahi mpaka mistari niliyokuwa nikimsuka ikaenda upande. Ilibidi nifumue nianze upya.

Njia inaanzia kando ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki na wanawake wanapoanika dagaa. Mama alishuka garini, akatazama ziwa, akanywea. Mbele yetu kulikuwa na visiwa, kimoja nyuma ya kingine, vya kijani kibichi.

"Si ng'ambo ile pale?"

"Vile ni visiwa, mama."

"Nchi kavu ni nchi kavu. Nilijua tu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa alimsikia. Akatuambia tufuate alama nyeupe zilizopakwa mwambani mpaka jabali la mwisho, maana huko visiwa vinakwisha na ziwa linafunguka. Nilimshika mama mkono na kuanza kumkokota kabla hajabadili mawazo.

Tulikwenda kwa mpangilio wetu: mama mbele, mimi katikati, mume wangu nyuma kabisa, akijibanza kila mama anapogeuka. Ungetuona ungedhani kuna mtu anafuatilia wezi. Na njia ilikuwa nzuri jamani! Majabali makubwa kuliko nyumba yalikuwa yamekaa majini, pimbi wanayaparamia huku na huku, kenge mmoja ameota jua katikati ya njia na hataki kupisha mtu. Furukombe, tai wa ziwani, alipiga kelele juu yetu, mama akainama akidhani ametupiwa kitu. Nilikuwa nikiruka jiwe hadi jiwe, nikiita "njooni muone" kwa kila kitu, mpaka mama akaniambia nitulie, mimi ni mke wa mtu.

Karibu na mwisho majabali mawili yalikuwa yameachana. Njia inashuka katikati yake, maji yanarukia miguu, halafu inapanda upande wa pili kwa vidato vifupi vilivyochongwa mwambani. Mama alishuka vizuri. Kupanda ndiko kulikomshinda, kwa kuwa ni mtu wa mwili na goti lake la kushoto lina maneno yake. Nilitangulia juu, nikampa mikono, nikavuta, na badala ya yeye kupanda, mimi ndiye niliyeshuka. Tukaangukiana, tukacheka. Mara ya pili hatukucheka.

Wa kumvuta alikuwapo. Mume wangu hupakia magunia ya mpunga kila siku pale Kahama. Alikuwa nyuma ya jabali, anasikia yote.

"Mama, acha akusaidie."

"Yaya," mama alikataa kwa Kisukuma, lugha anayoitumia akiwa hataki mjadala. "Mkwe anishike mkono? Watu wa Ushirombo nitawaambia nini?"

"Watu wa Ushirombo hawapo hapa!"

"Mimi nipo."

Niliwaka. Nilisema maneno kuhusu mila ambayo mbele ya mashangazi zangu nisingethubutu. Mama aligeukia tulikotoka, akasema, "Turudi. Nimeona ya kutosha." Alikuwa ameona visiwa tu, na angezeeka akiamini kwamba mama yake alikuwa mwongo. Machozi yalinitoka, ya hasira zaidi kuliko huzuni.

Ndipo sauti ya mume wangu ikatoka nyuma ya jabali. "Mwambie mama ajifunike uso, nipite juu."

"Mwambie sikukataa kusaidiwa," mama akasema kwa sauti kubwa. "Nimekataa kushikwa."

Akajifunika kitenge, akauelekea mwamba. Mume wangu akaparamia jabali kwa mikono na miguu, akatokea upande wa pili. Nikavua kitenge changu cha juu, nikakisokota kama kamba, nikamrushia ncha moja. Ya pili nikampa mama. Mume wangu akageuza mgongo, akakipitisha begani, akatazama ziwa.

"Mwambie ashike kwa nguvu."

"Mwambie nimeshika."

Walikuwa wakisikiana vizuri kabisa, lakini nilipeleka kila neno.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," mama alisema, akaanza kupanda. Huyo! Mimi nasukuma kwa bega, mume wangu anavuta bila kuona anakokanyaga, goti la kushoto linalalamika, na mama anapanda. Alipoweka mguu juu nilipiga vigelegele hata pimbi wakakimbia.

Sikuwa nimemaliza, mume wangu akakanyaga mwani unaoteleza. Miguu yote miwili ilimtoka, akaanza kuserereka kuelekea kwenye maji. Mama aliachia kitenge, akamkamata mkono kwa mikono yake miwili, akakaa kitako. Mwili ule ule ulionishinda kuuvuta ndio uliomzuia.

Hakumwachia mara moja. Alisubiri mpaka miguu ya mkwewe ikapata pa kukanyaga, kisha akajifuta viganja. "Mila haikusema mtu azame," alisema. Hakusema anaongea na nani.

Jabali la mwisho halikuwa mbali. Visiwa vilibaki nyuma yetu, na mbele hakukuwa na kitu ila maji, yanakwenda na kwenda mpaka yanakutana na mbingu. Mama alitafuta ng'ambo upande wa kushoto, akatafuta upande wa kulia, akakinga macho kwa mkono akatafuta tena katikati. Mimi nilikuwa nikirukaruka na kupiga makofi.

"Mama alisema kweli," mama yangu akasema mwishowe, akalia huku anacheka.

Kisha akajifunga kitenge vizuri, akasema anataka picha yake na yale maji. Nikatoa simu.

"Wewe hutulii. Mpe yeye apige."

Mume wangu alipokea simu, akaiweka mbele ya uso wake, akakawia. Halafu akaishusha, akamtazama mama machoni.

"Mama, sogea kidogo kulia," alimwambia.

Nilifungua mdomo nimpelekee ujumbe. Mama alikuwa ameshasogea.