Machimbo niliyoyajenga kwa plastiki

Leo baba amelia mbele ya mchezo wangu.

Mnajua zile fremu za plastiki zinazobaki ukishatoa vipande vya modeli za kuunganisha, kama za magari na ndege? Mimi huwa sizitupi. Nimezikata, nikazibandika kwa gundi, nikajenga machimbo ya mawe kama ya Lukenya, ya mchezo wa mezani ninaocheza na wenzangu.

Baba alipasua mawe huko miaka mingi, lakini hajawahi kutusimulia.

Alipoingia nilidhani atanigombeza kwa takataka.

Akainama, akagusa ukingo.

"Hapa ndipo mawe yalipomwangukia Mutua. Mimi nilikuwa nimeenda kuchota maji."

Mutua alikuwa kaka yake, aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilipewa jina lake.

Nikamletea kiti tu. Nyinyi mngesema nini?

Ni mara ya kwanza kumsikia akitaja jina hilo bila kuniita mimi.