Masikio Yangu na Injini ya Kataboi

Mwanangu, ile asubuhi ya mwaka 2012 naikumbuka kana kwamba bado nina maji puani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa injini mtaani Kanamkemer, hapa Lodwar, na majini nilijiona sina mpinzani. Simu ikalia. Alikuwa dada yangu Akai, yuko Kataboi, ufuoni mwa Ziwa Turkana, anahema kama mtu aliyekimbia.

"Kaka, njoo sasa hivi! Injini ya mama imeanguka ziwani! Tumeweka dumu lielee hapo ilipozama."

Injini hiyo ya boti ndiyo iliyotulisha. Mama na wenzake watano walikausha samaki miaka mitatu ndipo wakaipata. Lakini nikiwa juu ya pikipiki, nakwambia ukweli, moyo ulinidunda kwa furaha! Nilishaanza kuwaona watu wakinishangilia.

Ufuoni kulikuwa na mgeni mmoja, Mzee Bahati, Mkongomani aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alikuwa amepewa kibali cha kuja kununua samaki wakavu. Ujana wake wote alizamia Ziwa Tanganyika. Akanisikia nikipiga chafya.

"Mutoto yangu, uko na mafua," akasema. "Leo usizame. Masikio itakataa kufunguka."

"Mzee, mimi nazama kwa mapafu, si kwa masikio!"

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Alichukua kamba akanifunga kiunoni, nami nikamwachia ili tusipoteze muda. Tukasogea kwa boti mpaka kwenye dumu, wenzangu wakapiga maji kwa makasia kufukuza mamba, nikajitupa kichwa mbele.

Maji yalikuwa ya kijani. Sijaenda mbali, masikio yakaanza kubanwa, kama mtu ananisukumia vidole gumba ndani. Nikaendelea. Uchungu ukawa wa sindano. Hapo nikaiona injini, kivuli cheusi kwenye tope! Nikajiambia bado kidogo tu, nikapiga teke la nguvu. Kitu kikachanika ndani ya sikio la kushoto. Maji baridi yakaingia kichwani, na ziwa lote likazunguka. Sikujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Nikaogelea kwa nguvu zangu zote kutafuta hewa, mkono wangu ukagusa tope.

Waliokuwa juu waliona kamba inakwenda ovyo, wakanivuta.

Nililala botini natapika, damu kidogo ikinitoka sikioni. Mzee Bahati akainama upande wa sikio zima.

"Injini umeiona?"

"Nimeiona, mzee."

"Ilikuwa inakimbia?"

"Hapana."

"Sasa wewe ulikuwa unakimbilia nini?"

Swali hilo najiuliza mpaka leo.

Tuliporudi ufuoni, Akai akasimama. "Mzee, mimi sina mafua. Nifundishe."

Alimfundisha kwenye maji ya kiunoni, bila haraka hata kidogo. Bana pua, funga mdomo, puliza polepole mpaka usikie masikio yamefunguka. Fanya hivyo kabla hayajauma, na urudie kila unaposhuka kidogo. Kisha tukarudi kwenye dumu, safari hii na mama botini. Akai akatia mguu kwenye kitanzi cha kamba yenye jiwe, miguu ikitangulia, na mzee mwenyewe akawa anamshusha taratibu.

Mara ya kwanza alivuta kamba akapandishwa. "Sikio moja limekataa," akasema. Vijana wakaguna, lakini mzee akapiga makofi: "Vizuri sana! Pumzika, tutajaribu tena."

Mara ya pili tukasubiri. Mama alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Ghafla kamba ikatikisika mara tatu, Akai akaibuka akipiga kelele, "Nimeifunga! Vuteni!" Wanaume wanne wakavuta, na injini ikatoka majini ikichuruzika tope! Mama aliruka kama msichana kwenye ngoma. Na mimi nikaruka, nikaanguka, kichwa bado kinazunguka, nikacheka hapo hapo chini. Mchana huohuo niliifungua, nikaisafisha kila kipande, na kabla jua halijazama ikanguruma. Niliisikia kwa sikio moja.

Daktari wa Lodwar alisema ngoma ya sikio imepasuka, nisiguse maji ya ziwa kwa miezi kadhaa. Mwaka 2013 nilipopona nikaenda Kakuma kumwomba mzee msamaha. Aliponiona akanisalimia kwa Kiturkana, "Ejok!" akabana pua yake, tukacheka mpaka majirani wakatoka nje. Ila sikio hilo halikurudi lote. Ndiyo maana ukiniita kutoka kushoto sigeuki.

Sasa wewe kesho unaanza kujifunza kuzamia, na nimefurahi hata usingizi haunijii! Nisikilize basi. Ukiwa na mafua, baki ufuoni bila aibu. Fungua masikio mapema, kwa upole, tena na tena. Usiyazibe kwa pamba wala kitu chochote. Yakiuma, simama, panda kidogo, jaribu tena. Yakikataa, toka majini, hata kama kitu unachokitafuta unakiona kwa macho yako. Na anayekuambia ngoja, msikilize kabla hujamjibu.

Nenda, mwanangu. Akuj, Mungu wetu, akushushe salama, akupandishe salama, na kila utakapoibuka ukute watu wako wanakungoja.