Ugonjwa wa Shangazi Sesilia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sitaki kuisahau ingawa haikunipa sifa. Nilikuwa nimehitimu shahada ya uzamivu, nikarudi kijijini kwetu, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Sumbawanga mjini, kuandika maombi. Maabara moja ya ng'ambo ilimtaka mtafiti mmoja tu, aliyekwisha kumaliza uzamivu, achunguze jeni za seli za ubongo: kwa nini nyingine huamka na nyingine hulala katika ubongo wa mtoto mwenye kifafa. Ndiyo kazi niliyoisomea ujana wangu wote. Nafasi nyingine ya namna hiyo sikuwa nayo, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa kumi na moja jioni ile ile.

Nyumbani kwetu barua haikutoka kabla ya kusomwa mbele ya shangazi Sesilia, aliyenilea. Nilimkuta shambani akiinua matuta. Nawe unayajua matuta yetu ya Ufipa: nyasi mbichi hufukiwa chini ya udongo zioze, na msimu unaofuata tuta hubomolewa, ulezi ukapandwa juu yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Soma, masikio hayashiki jembe."

Nikasoma nikimfasiria. Alikuwa akiitikia kwa fahari, mpaka nilipofika kwenye sentensi moja ambayo niliiharakisha: kwamba katika mwaka wa pili nilisimamisha utafiti kwa miezi minane ili nimuuguze shangazi yangu aliyekuwa mahututi.

Jembe likatua.

"Shangazi yupi?"

Nikaikunja karatasi.

"Baba yako ana dada mwingine nisiyemjua? Au ni mimi huyu? Niliugua nini, Agripina? Niambie, nisije nikafa bila kujua."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuvuka hata shamba la nyumbani. Nikamweleza ukweli. Miezi ile nilikuwa maabara kila siku. Kwa haraka, na kwa uvivu, nilizilisha seli za aina mbili kutoka chupa moja ya chakula. Aina moja, yenye kukua upesi, ikavamia vyombo vya nyingine na kuimaliza. Miezi minane nikapima seli nilizodhani ni za ubongo, kumbe sizo. Shaka iliponiingia nilizikagua mwenyewe, nikamwaga zote, nikaanza upya.

"Kwa hiyo uliharibu, ukajua, ukatengeneza."

"Ndiyo, shangazi. Lakini wakisoma hivyo wataniona mzembe."

"Si ulikuwa mzembe? Waambie." Akaligusa tuta kwa ncha ya jembe. "Nyasi hizi tungezitupa barabarani kwa kuwa ni magugu, mwakani ulezi ungekula nini? Mficha uchi hazai. Nenda ukaniondoe kitandani."

Nilipanda bodaboda hadi Mazwi, pale Sumbawanga mjini, nikaketi katika kibanda cha kompyuta, nikaifuta sentensi ile na kuandika ukurasa mzima juu ya chupa moja na miezi minane. Mikono ilinitetemeka. Niliamini kwamba naituma barua ya kujinyima.

Wiki chache baadaye nilisailiwa na maprofesa watatu kwa njia ya kompyuta. Juu ya matokeo yangu mazuri hawakuuliza neno.

"Kosa hili aliligundua nani?" akauliza aliye mkubwa wao.

"Mimi."

"Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

Akavua miwani. Akasema kwamba mikono hodari wanayo tele. Waliyekuwa wakimkosa ni mtu wa kuitilia shaka mikono yake mwenyewe.

Jibu lilikawia; lilipofika, mvua za kwanza za msimu uliofuata zilikuwa zimenyesha na shangazi alikuwa akiyabomoa matuta yale yale. Udongo ulitoka mweusi, laini kama unga.

"Shangazi, wamenichagua. Ni mimi."

Alinyoosha mgongo taratibu.

"Basi nimepona," akasema, kisha akapiga kigelegele kilichowatoa watu hadi mashamba ya ng'ambo ya bonde.

Leo nina maabara yangu, na maombi ya vijana kama wewe hunijia mezani. Sianzi na ukurasa wa ushindi. Natafuta kwanza ule ulioandikwa kwa mkono uliotetemeka. Nisipouona, nauliza. Kwa hiyo nakuonya, mwanangu: kosea kama watu wote, lakini usimlaze mtu mzima kitandani ili uonekane safi. Likague kosa lako kabla hujakaguliwa, lifukie mahali utakapopanda, na ulitaje kwa jina lake. Mtoto mwenye kifafa hataponywa na sifa zako, ataponywa na kweli yako.

Nenda basi. Mola akujalie macho ya kujiona, na siku ya mavuno yako akubakizie mtu shambani wa kukupigia kigelegele.