Kazi ya Mwalimu Tupuuze

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Wanafunzi walimwita Tupuuze, maana kila swali la fizikia alilianza vilevile, chaki sikioni na kidole juu: "Kwanza kabisa, tupuuze msuguano." Gari lishuke kilima, tupuuze msuguano. Gogo livutwe, tupuuze msuguano. Siku moja majirani walishikana mashati nje ya dirisha lake, naye akalifunga, akaendelea kufundisha.

Chumba chake cha masomo ya ziada kilikuwa nyuma ya duka la fundi cherehani, na fundi huyo, binti wa watu, ndiye aliyemnyima usingizi. Walikwisha kubaliana kuoana. Aliyebaki ni shangazi aliyemlea fundi, mama asiye na masharti mengi. Alikuwa nalo moja tu: mume awe na kazi.

Shangazi alipofika, fundi akampitisha moja kwa moja hadi darasani, sanduku likiwa bado mkononi, ili ajionee mwenyewe jinsi bwana anavyochapa kazi. Masikini, alidhani anasaidia.

Ubaoni paliandikwa: Mtu anasukuma ukuta mpaka anatoka jasho. Ukuta hausogei. Amefanya kazi kiasi gani?

"Sifuri!" darasa likaitika.

"Sifuri vipi na jasho limemtoka?" shangazi akauliza kutoka mlangoni.

Tupuuze akageuka. "Shikamoo, shangazi. Katika fizikia, kazi ni nguvu mara umbali ambao kitu kimesogea kufuata nguvu hiyo. Kisiposogea, hakuna kazi."

"Marahaba." Shangazi akajitafutia nafasi kwenye benchi. "Mimi nilikuwa dobi wa hospitali tangu usichana mpaka nikastaafu. Makapu ya mashuka, kichwani, korido ndefu haina mwisho. Hebu nipigie hesabu yangu."

Mwanamume mwenye akili timamu angesema "kazi nyingi mno, shangazi," kisha akamuuliza habari za safari. Lakini Tupuuze fizikia ikimpanda kichwani hana breki.

"Korido ilikuwa tambarare?"

"Kama meza."

Nyuma ya shangazi, fundi alimtolea macho, akakata hewa kwa mkasi. Tupuuze hakuona.

"Sasa, kichwa kinalisukuma kapu juu, lakini kapu linakwenda mbele. Kwa hiyo kazi ni..." Hapo ndipo alipomwona fundi.

"Sifuri!" darasa likamsaidia.

Shangazi alishika mpini wa sanduku kama mtu anayetaka kuondoka.

"Ngoja, shangazi! Kapu si ulikuwa unaliinua kutoka sakafuni? Kuinua ni kazi!"

"Lakini mwalimu," akasema msichana wa benchi la mbele, yule asiyekosa swali, "akilishusha inakuwa hasi. Jumla ni sifuri tena."

Tupuuze alimfundisha mwenyewe jambo hilo, na siku hiyo alijuta. Kijasho chembamba kikamtoka. Aliutazama ubao, akamtazama fundi, halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Shangazi, hakuna kapu hata moja uliloliburuta?"

"Ya Jumatatu yote! Yalikuwa mazito, nani angeyainua? Yalikwaruza sakafu mpaka wagonjwa wakalalamika."

"Msuguano!" Tupuuze aliruka. "Leo hatupuuzi! Hapo umefanya kazi, shangazi, kazi kubwa, tena kila Jumatatu!"

Darasa zima liliduwaa. Mmoja aliuliza kama mwalimu anaumwa.

Shangazi hakucheka. Alisimama, akamwangalia tangu viatu vyenye vumbi la chaki hadi chaki ya sikioni.

"Na wewe hapa kutwa nzima, unasogeza nini?"

"Chaki, shangazi."

"Haya. Chukua sanduku langu, tunakwenda nyumbani kuongea habari za harusi."

Tupuuze karibu alie kwa furaha. Alilinyakua sanduku, akajitwika kichwani.

"Teremsha!" shangazi akamkemea. "Mwanangu haolewi na mtu asiye na kazi. Buruta."